HAKUNA GOFU LISILO NA MWENYEWE

Na Mwandishi Wetu, Mombasa

"WATU hupigwa picha wakiwa wazima, mwanangu. Na nyumba nayo ni vivyo hivyo."

Maneno hayo niliambiwa na shangazi yangu mwaka 2014, nikiwa nimesimama katika ua wa nyumba ya marehemu babu yetu, Mji wa Kale, Mombasa, kamera ikining'inia shingoni. Wakati ule niliyachukua kuwa ni maneno ya mtu mzima asiyejua mambo ya picha. Leo nayakumbuka kwa majuto, na sababu yake nitaieleza kabla sijayamaliza makala haya.

Siku zangu za mapumziko huzitumia kupiga picha za vitu vilivyoachwa: nyumba zilizoporomoka, hoteli zilizofungwa, vivuko visivyovukiwa, reli zilizoota nyasi, na vitu vilivyotupwa ambavyo bahari hutuletea ufuoni. Wako wanaokusanya stempu, wako wanaofuga njiwa. Mimi nimekusanya magofu.

Wengi huniuliza: Je, Mombasa imeishiwa na mambo mazuri? Si ipo Ngome ya Yesu? Si zipo zile pembe za Moi Avenue, na majahazi, na maarusi kila mwisho wa juma? Kwa nini mtu mwenye akili zake aipeleke kamera kwenye ukuta uliobomoka?

Swali hilo ni la haki, kwa sababu tangu zamani kazi ya mpiga picha wa Mombasa ilikuwa ni kumwonyesha mtu akiwa katika hali yake bora kabisa. Katika studio ya Bwana Parekh, iliyowapiga picha watu wa mji huu tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980, mtu aliingia amevaa nguo zake za sikukuu, akapangwa vizuri, akatazamwa taa na kivuli, ndipo akapigwa. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni nao, katika vibanda vyao vya miaka ya 1990, waliwasimamisha wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Hata mtu ambaye hajawahi kupanda ndege aliweza kuwapelekea wazazi wake bara picha ya safari.

Mimi nilianza kinyume cha hayo. Nilitaka picha isiyo na mtu. Niliona kwamba mahali palipoachwa pana ukimya unaopendeza machoni, na kwamba rangi ya chokaa iliyochujuka inashinda rangi yoyote ya dukani. Ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba nilikuwa nimekosea, na walionisahihisha hawakuwa mabingwa wa picha. Walikuwa wenyewe wa magofu.

KIVUKO KISICHO NA FERI

Wa kwanza nilimkuta Kilifi, mwendo wa kilomita 60 hivi kaskazini ya Mombasa.

Vijana wa leo huvuka mikono ya bahari ya Pwani kwa dakika moja bila ya kufikiri. Wazee wao hawakuvuka hivyo. Kwenda Nyali kulikuwa na daraja lililoelea juu ya maboya, lililojengwa mwaka 1931, ambalo lilipanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa, na magari yakatozwa ushuru. Daraja la saruji tulilonalo lilifunguliwa mwaka 1980. Mtwapa watu walivushwa kwa pantoni iliyovutwa kwa mikono, na wavutaji walikuwa mashuhuri kwa nyimbo zao. Na Kilifi palikuwa na feri mpaka mwaka 1991, lilipofunguliwa daraja refu linaloonekana hivi sasa.

Basi nilikwenda Mnarani kuipiga picha njia ya zamani ya feri. Ni barabara inayoteremka mpaka majini, kisha ikaingia humo humo baharini kana kwamba inaendelea. Kwa mpiga picha hilo ni jambo la kufurahisha mno. Nikapiga upande huu, nikapiga upande ule, nikangoja mpaka mvuvi mmoja aondoke ili picha yangu iwe tupu.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mti alinitazama muda mrefu. Nilipomwamkia aliniuliza, "Wapiga nini, bwana?"

Nikamwambia napiga kivuko kilichoachwa.

Akacheka. Alisimama, akashika fimbo yake, akanipeleka hatua kwa hatua kando ya ile barabara. "Hapa alikaa mama wa mahamri. Hapa alikaa kipofu mmoja, akiomba. Hapa nilikaa mimi na korosho zangu, miaka kumi na moja. Gari likifika lilizima moto, na abiria akasikia njaa." Alinionyesha watu kumi na wawili mahali ambapo mimi niliona lami iliyopasuka na nyasi.

Nilimwuliza kama alilichukia daraja. Alishangaa. "Kwa nini nilichukie? Mke wangu alizidiwa na uchungu usiku, mwaka wa pili wa daraja, tukavuka kwenda hospitali wakati huo huo. Zamani tungelala ng'ambo hii. Daraja ni jema. Lakini gari halisimami tena, na hakuna aliyekuja kutuuliza sisi wa korosho tutakwenda wapi."

Niliporudi nyumbani nilizitazama picha zangu. Zilikuwa nzuri, lakini ndani yake hamkuwa na hata moja ya hadithi zile kumi na mbili. Siku hiyo nilinunua daftari, na tangu hapo sipigi picha ya gofu bila ya kuandika ni nani aliyekuwa akikaa hapo na alikuwa akifanya nini.

SHUKA ZILIZOKUNJWA

Pwani ya kaskazini na ya kusini ya Mombasa ina hoteli zilizofungwa, na anayetaka kujua kwa nini hana haja ya kutafuta mbali. Katika Agosti 1997 palizuka ghasia za Likoni. Novemba 28, 2002, hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa kwa bomu. Zikaja fujo za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mei 2014 Serikali ya Uingereza iliwashauri raia wake wasifike Mombasa ila kwa safari ya lazima, na mamia ya watalii wakarudishwa kwao kabla ya likizo zao kwisha. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa Korona. Kila pigo hoteli kubwa zilipepesuka, na nyingine hazikuinuka tena.

Mwaka 2015 nilipata ruhusa ya mlinzi kuingia katika hoteli moja ambayo sitaitaja. Kidimbwi cha kuogelea kilikuwa kikavu, na ndani yake ulikuwa umeota mpapai. Makuti ya paa la baa yalikuwa yameanguka juu ya viti. Nilikuwa nikijipongeza kwa picha nilizopata, mara nikasikia hodi nyuma yangu.

Alikuwa mama mmoja mwenye umri upatao miaka hamsini na mitano, amejifunga leso, na mkononi ana bahasha. Alikuwa amefanya kazi katika udobi wa hoteli hiyo miaka kumi na tisa. Mshahara wake wa miezi mitatu ya mwisho haukulipwa. Kila mwisho wa mwezi alikuja kwa miguu kumwuliza mlinzi kama kuna barua yoyote, na kila mwezi hapakuwa na barua.

Aliponiona na kamera hakukasirika. Alinipeleka katika chumba cha udobi. Mashine zilikwisha kung'olewa, lakini katika rafu palikuwa pamebaki shuka, zimekunjwa mraba na kupangwa sawasawa, na juu yake vumbi jekundu.

"Nilizikunja mimi," akasema. "Siku ile meneja alituambia tunafunga mpaka Julai. Nikaona Julai tusipate taabu."

Nilimwomba ruhusa ya kuupiga picha mkono wake juu ya shuka hizo. Alikubali, lakini akanipa sharti ambalo nimelishika mpaka leo. "Usiandike kuwa hoteli hii imetupwa," alisema. "Hoteli ina mlinzi na kufuli. Tuliotupwa ni sisi."

Msomaji, nimepiga picha maelfu, na hiyo ndiyo moja ninayoitunza kuliko zote. Mara mbili nimetakiwa kuikata ili kidimbwi kikavu kionekane peke yake, nami nimekataa.

RELI NA WAPAGAZI

Reli iliyoifanya Mombasa kuwa mlango wa bara ilianza kujengwa mwaka 1896, nayo ikafika Kisumu mwaka 1901. Hata kabla ya mji huu kujaa motokaa, palikuwa pia na reli nyembamba zilizopita barabarani kati ya mji na Kilindini, na juu yake vigari vidogo vilivyosukumwa na watu, bwana mkubwa ameketi chini ya kivuli cha turubali. Motokaa ziliviondosha vigari hivyo, na reli zake zikang'olewa.

Zamu ya reli kubwa ilifika mwaka 2017. Mwishoni mwa Mei mwaka huo treni mpya ilianza kazi kutoka Miritini, nje ya kisiwa, na treni ya abiria ya zamani ikawa imekoma. Nilikwenda kituo cha kisiwani mwezi mmoja baadaye. Nilizoea kupaona pamejaa masanduku, maembe, wanafunzi na wanajeshi wa likizo. Sasa palikuwa na paka wawili na mpagazi mmoja mzee aliyeegemea kigari chake cha magurudumu mawili.

Nilimwuliza kwa nini hakuhamia Miritini. Alinijibu kwamba alikwenda, akakaa siku nne, akarudi. Huko kila abiria huvuta sanduku lake mwenyewe, maana masanduku ya siku hizi yana magurudumu. "Hawakunifukuza," alisema. "Magurudumu yalikuwa yameshachukua kazi yangu, nami sikujua."

Katika mwaka huo na ile iliyofuata nilifuata njia ya zamani vipande vipande. Nimekuta mataruma yaliyoliwa na mchwa, na mahali pengine vyuma vimekwisha kung'olewa usiku na kupelekwa kwa wauza skrepu. Wizi wa vyuma vya reli na vya umeme ulifika kiasi ambacho Januari 2022 Serikali ilipiga marufuku biashara nzima ya chuma chakavu, mpaka Mei mwaka huo. Anayekiokota chuma hudhani kimetupwa. Kumbe kilikuwa ni mali ya wananchi, ila hakikuwa na mtu wa kukilinda.

Lakini si kila kilicholala kimekufa. Baadaye kazi ilianza ya kuitengeneza upya njia hiyo ya zamani ili ikiunganishe kituo cha kisiwani na kile cha Miritini. Niliposikia habari hizo nilifurahi, na papo hapo nikaona aibu, kwa sababu moyo wangu wa mpiga picha ulikuwa umesikitika kidogo kuwa gofu langu linaondoka.

KANDAMBILI ZA BAHARINI

Ukitaka kuona vitu vilivyotupwa kwa wingi, amka mapema uende ufuoni wakati wa kusi, maji yanapopwa. Asubuhi moja huko Shanzu, katika hatua mia moja tu, niliokota kandambili arobaini na moja. Hapakuwa na hata jozi moja. Palikuwa na miswaki, vifuniko vya chupa, vipande vya nyavu, mkono wa mwanasesere, na chupa za maji zenye maandishi ya nchi za mbali.

Nilizipanga kandambili juu ya shuka jeupe nikazipiga picha moja moja, kama vile mtu anavyopigwa picha ya kitambulisho. Nyingine zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mara mbili tatu kabla ya kutupwa. Nyingine zilitobolewa na kutiwa msumari badala ya kigingi. Ukizitazama hizo utajua kwamba mwenyewe hakuzitupa kwa ufujaji. Alizivaa mpaka zikakataa.

Mwezi wa Agosti 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na kila anayetembea ufuoni ameiona tofauti. Jaa la Kibarani, ambalo kwa miaka mingi liliwakaribisha wageni kisiwani kwa moshi na harufu mbaya, nalo lilifungwa mwishoni mwa miaka ya 2010 na miti ikapandwa. Hata hivyo kandambili bado zinakuja, kwani bahari haijui mipaka wala sheria.

Wapo walioona katika uchafu huo kitu ambacho mimi sikukiona. Septemba 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Bwana Ali Skanda, walishusha majini chombo kiitwacho Flipflopi. Kimeundwa kwa plastiki iliyookotwa, ikayeyushwa na kufanywa mbao, yapata tani 10, kisha kikavikwa ubavuni kandambili zipatazo 30,000 za kila rangi. Mapema mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu mpaka Unguja. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na hapana shaka hawakufikiria kwamba siku moja kitaundwa chombo kwa vile tulivyokwisha vitupa.

TAKA ZA JANA

Jambo hilo linanirudisha kwenye Ngome ya Yesu, ambayo wageni huipiga picha kila siku bila ya kujua kwamba nayo iliponea chupuchupu. Wareno waliianza mwaka 1593. Tangu mwaka 1895 mpaka 1958 Waingereza waliifanya jela. Ilikuwa makumbusho mwaka 1960, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Vingi vya vitu vinavyotunzwa humo katika makabati ya vioo vilikuwa ni taka za watu. Ni vyungu vilivyovunjika, sahani za Kichina zilizopasuka, misumari, shanga. Baadhi vilitolewa chini ya bahari, mbele ya Ngome hiyo hiyo, kutoka katika merikebu ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama mwaka 1697 wakati Ngome imezingirwa. Wapiga mbizi waliifanyia kazi tangu mwaka 1977 hadi 1980. Huko Jumba la Mtwana, karibu na Mtwapa, mji wa Waswahili ulioachwa mamia ya miaka iliyopita, mabingwa hujifunza maisha ya wenyeji kwa kutazama nyumba, misikiti, visima na vyoo vyao. Hakuna aliyeandika majina yao. Ndiyo maana mimi nalipenda daftari langu.

Na kwa yule anayedhani kuwa mahali palipoharibiwa hapana tiba, namshauri aende Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza kazi huko mwaka 1954, na palipochimbwa mawe palibaki mashimo ya matumbawe meupe, yanayochoma macho, yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Mingi ilikufa, lakini mivinje iliishi. Kisha akaleta jongoo, ambao walikula majani makavu ya mivinje na kuyageuza kuwa udongo. Leo ni msitu wenye twiga na viboko, nami nimezunguka humo na kamera yangu nikitafuta gofu nisilione.

NYUMBA YA BABU

Sasa nirudi kwa shangazi.

Nyumba ya babu ilikuwa ya ghorofa moja, ya mawe ya matumbawe na chokaa, dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Anayeingia nyumba hizo hushangaa kuona vyumba virefu na vyembamba. Sababu ni boriti: urefu wa boriti ndio upana wa chumba. Mbele palikuwa na baraza, na mlango wa nakshi wenye mbao mbili.

Babu alipofariki nyumba ilibaki kwa warithi kumi na wanne. Wengine wako Mombasa, wengine Muscat, wengine Uingereza. Hakuna aliyekataa kuitengeneza, na hakuna aliyeanza. Huyu alimngoja yule, na yule akamngoja mwingine. Shangazi aliishi peke yake chini, nami nilikwenda kila Ijumaa baada ya sala, nikala chakula chake, kisha nikapanda juu kupiga picha.

Adui wa nyumba ya matumbawe ni maji kutoka juu. Paa likivuja, maji huingia ndani ya ukuta na kuosha chokaa inayoyashika mawe. Ncha ya boriti iliyozikwa ukutani huoza polepole, na nje huoni kitu. Ukipaka saruji ili kuuficha ufa, unafungia unyevu ndani na mambo huwa mabaya zaidi. Hayo yote niliyajua. Niliyaona kwa macho yangu na kuyapiga picha Ijumaa baada ya Ijumaa: doa la maji likikua katika dari ya chumba cha kaskazini, kwanza kama sahani, kisha kama sinia, kisha kama mkeka.

Mwaka 2016 nilinunua lenzi mpya. Fundi wa Mji wa Kale alikuwa ameniambia gharama ya kuziba paa la chumba kile na kubadilisha boriti sita. Bei ya lenzi ilizidi gharama hiyo.

Masika ya mwaka 2018 yalikuwa makali, kila Mkenya anayakumbuka. Usiku mmoja wa mwezi wa Mei ukuta wa kaskazini ulianguka. Shangazi alikuwa jikoni, upande wa pili, na kwa rehema za Mungu hakuumia. Nilipofika alfajiri nilimkuta ameketi barazani, mtandio umejaa vumbi la chokaa, akitazama mlango ambao ulikuwa umesimama peke yake bila ya ukuta wa kuushika.

Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Leo hukuja na kamera?"

Kwa hakika sikuwa nayo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika pale bila kamera kwa muda wa miaka minne.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo tulifundishwa darasa la tatu, na mimi niliipiga picha mia mbili bila ya kuielewa.

LINALOWEZA KUFANYWA

Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa kisheria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda majengo ya kale nchini. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kubomoa au kubadilisha atakavyo. Hayo ni mazuri. Lakini sheria inaweza kumzuia mtu asibomoe, wala haiwezi kumpandisha juu ya paa kabla ya masika. Nyumba nyingi za mitaa hii hazibomolewi na tingatinga. Zinabomolewa na warithi wanaongojana.

Kwa hivyo nawaomba wenye nyumba wenzangu, walio hapa na walio ng'ambo, wakubaliane juu ya jambo moja dogo kwanza: paa. Mengine ya mirathi yanaweza kungoja. Paa halingoji.

Na kwa vijana wanaoshika kamera siku hizi, ambao nawaona wakipanda katika hoteli zilizofungwa na kando ya reli, sitawaambia waache. Picha zangu za nyumba ya babu zilitusaidia baadaye. Fundi alizitumia kujua urefu wa madirisha na nakshi ya vidaka alipoujenga tena ukuta, baada ya warithi kumi na wanne hatimaye kuchanga. Chumba si kile cha zamani, lakini kimesimama na hakivuji. Nililipa fungu langu kwa kuiuza lenzi.

Nawaomba mambo matatu tu. Mwulize mtu aliyeketi karibu kabla ya kupiga. Andika alichokuambia, pamoja na siku na mwezi. Na ukiona jambo ambalo mikono yako inaweza kulizuia lisianguke, iweke kamera chini kwanza.

Shangazi sasa ana miaka themanini na mmoja. Idi iliyopita alivaa buibui lake jipya na mkufu wa marehemu mama yake, akaketi barazani mbele ya ule mlango, ambao umerudishwa mahali pake, akaniita.

"Njoo unipige sasa," alisema. "Na nyumba ionekane."

Nikampiga. Ni picha ya namna ile ile waliyokuwa wakiipiga wazee wetu katika studio zao, mtu amekaa wima, amevaa vizuri, anatazama mbele. Nyuma ya picha nimeandika jina lake, jina la babu, na siku yenyewe. Nimeitundika sebuleni, karibu na ule mkono ulio juu ya shuka.